Siku Majirani Walipofunga Anga

Mume wa Mama Pacha alifanya kazi wizara ya mambo ya nje, na kwa karibu mwaka mzima kazi yake ilikuwa vikao tu. Aliondoka na begi lake la kijivu, akarudi nalo na uchovu, na kila alipoulizwa wameafikiana nini, alijibu kwamba wameafikiana kukutana tena. Mama Pacha alikuwa mwongoza ndege. Yeye husema neno, ndege ikatii papo hapo. Vikao vile aliviona ni kutwanga maji kwenye kinu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mumewe alijitetea asubuhi moja, huku akiwafunga pacha kamba za viatu.

"Kweli, Baba Pacha. Ila vidole vyenu vinagombania kiti cha mbele, na chawa anazidi kunenepa."

Chawa mwenyewe alijulikana. Ilikuwa kampuni iliyojiita ya ulinzi, yenye wapiganaji wa kukodiwa na ndege zake yenyewe za kuwasafirisha. Nyuma yake ilikaa serikali kubwa ya mbali, iliyoilisha kwa mkono mmoja na kuikana kwa mwingine. Iliingia nchi moja ya jirani ikiahidi amani, ikakalia migodi, na vijiji vilivyoizunguka vikabaki majivu. Nchi moja ikiifungia mlango, kampuni ilizunguka kwa nyingine, maana majirani wale hawakupikika chungu kimoja.

Siku hiyo Mama Pacha alipoingia zamu ya mchana, alimkuta msimamizi wake amesimama nyuma ya kiti. Msimamizi alikuwa mtu wa maneno machache hata wenzake wakamwita Kimya, lakini leo alizungumza. Amri ilikuwa imeshuka asubuhi: hakuna ndege ya kampuni ile itakayokatiza anga la nchi. Ikisema iko hatarini iruhusiwe kutua, lakini kwenye uwanja wa jeshi, na asishuke mtu mpaka ikaguliwe. Nchi zote jirani zilikuwa zimepokea amri hiyohiyo, kwa maneno hayohayo.

Mama Pacha aliuliza kama hao majirani wataitii kweli.

"Tutasikia," alisema Kimya, akabonyeza kitufe cha laini iliyounganisha vituo vyote.

Chumba kilikuwa na giza la wastani na baridi ya kiyoyozi. Mama Pacha alivaa koti, akavaa hedifoni, akakaa mbele ya skrini. Haukupita muda, nukta ikatokea upande wa bahari kuu. Lilikuwa dege la mizigo la kampuni ile. Rubani alisalimia kwa adabu, akaomba njia.

"Anga letu limefungwa kwenu," Mama Pacha akamjibu. "Mkiwa hatarini, semeni. Mtatua na mtakaguliwa."

Rubani alishukuru kana kwamba amepewa maji ya kunywa, akageukia mashariki. Muda si muda, kwenye laini ya vituo ikasikika sauti ya mwanamke wa huko, kavu kama jiwe: ameombwa, amekataa. Ndege ikasogea hadi kwenye kisiwa ambacho watu walidai kilikwisha kununuliwa zamani. Kijana wa kisiwani alijibu huku sauti ikimtetemeka, lakini alikataa naye.

Ikabaki nchi ya ng'ambo ya mto. Mpaka nao ulikuwa umefungwa tangu Mama Pacha yuko shuleni, na majeshi yalitazamana kila ukingo. Mwongoza ndege wa kule, mtu mzima kwa sauti yake, hakuwahi kumpa hata salamu, kazi tu. Na wakubwa wake walikuwa wameonekana hadharani wakila meza moja na watu wa kampuni. Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

"Huku nako hapapitiki," ilisema sauti ile. "Nimewaambia kama mlivyowaambia ninyi."

Rubani alirudi kwa Mama Pacha mara ya pili, adabu imempungua, akasema mafuta yake hayatoshi kuzunguka mbali.

"Mnatangaza hatari?"

Mama Pacha alijua ndani ya dege lile kuna watu, na kila mmoja alizaliwa na mama.

"Mkitangaza, nitawashusha salama, mimi mwenyewe," akaongeza, taratibu.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha laini ya uwanja wa jeshi.

"Hapana," alisema rubani. "Tunarudi."

Nukta ikageuka. Miaka yote Mama Pacha alilijua anga kama njia, leo aliliona lina ukuta, nao haukujengwa kwa tofali wala kulindwa kwa bunduki. Ulikuwa watu wanne waliokaa kwenye vyumba vyenye baridi, wasiojuana hata sura, wakisema sentensi moja. Alivua hedifoni, na Kimya akamwekea kikombe cha chai mezani.

Nyumbani alimkuta mumewe anapiga pasi sare za watoto. Alipomsimulia, swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu ng'ambo ya mto.

"Alikataa," alisema Mama Pacha.

Baba Pacha aliizima pasi, akakaa juu ya nguo alizokwisha kuzinyoosha. Mjumbe wa kule, alieleza, alitoka kikaoni kwa hasira si mara moja. Na ile sentensi ya walio hatarini kuruhusiwa kutua aliipigania mjumbe huyohuyo, akisema hataweka sahihi mahali panapoacha watu waanguke kutoka mbinguni.

"Sikujua kama watashika," alisema, macho yamemlowa. "Wallahi, sikujua."

Kampuni haikufa. Ilijaribu malori, ikajaribu ndege za kukodi zenye majina mengine, na Baba Pacha akaendelea kufunga begi. Lakini migodi miwili iliachwa kwa kukosa walinzi, na watu wakaanza kurudi kuezeka nyumba zao.

Wiki hiyohiyo, kituo cha ng'ambo kilimpigia Mama Pacha kumkabidhi ndege ya kawaida ya abiria. Akaipokea. Alitarajia laini ikatwe kama siku zote.

"Dada," ilisema sauti ile, "kwenu mvua imenyesha?"

"Imenyesha, kaka. Ya kutosha."

"Kwetu bado. Isukumeni basi ije na huku."