Ndege wa Tano Hafutiki

Kaka yangu mkubwa tunamwita Mwenyekiti. Hakuna chama alichowahi kuongoza, ila akiingia mahali lazima aongoze, hata kama ni watu wawili wanamenya viazi.

Yeye ndiye aliyetaka nimchoree ngozi ya kutundika sebuleni: ndege watano juu ya tawi moja, mmoja kwa kila mtoto wa mama yetu. Wa kwanza, kifua mbele, ndiye yeye. Wa mwisho, mdogo, mkia juu, ndiye kitindamimba wetu.

Nilikuwa nimemaliza kuchora kwa wino, bado kupaka dawa ya kuukinga, alipoingia chumba changu cha kazi. Akaitazama ngozi pale mezani, mikono mgongoni.

"Imependeza. Ila huyu wa mwisho mfute."

"Kwani amekunyea, Kaka?"

"Usinitanie. Wakwe wa mwanangu wanakuja kwangu. Wakiuliza huyu wa tano yuko wapi niwaambie nini? Kwamba alimkimbia mume niliyemtafutia mwenyewe?"

"Waambie ulitafuta vibaya."

Akavuta pumzi ya kiuenyekiti. "Aliyenivua nguo mbele za watu hakai ukutani kwangu. Futa. Nasubiri hapa hapa."

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango mdogo wetu siku aliyomkimbia mume yule. Alikuwa na begi moja na jino limevunjika. Leo afutwe hata kwenye ngozi, tena kwa mkono wangu? Thubutu!

"Haya, Kaka. Kaa kwenye kigoda, chai hiyo hapo."

Sasa nieleze kidogo. Ngozi zangu huzilainisha kwanza mpaka ziteleze kama kioo, kwa hiyo wino hukaa juu juu. Ukipitisha kitambaa chenye maji, picha yote inaondoka. Lakini ikishapakwa dawa na dawa ikakauka, labda uje na kisu. Na ile dawa husugui, utaburuta wino. Unaigusagusa tu kwa sponji, kama unampaka mtoto poda. Kwa kawaida huanza na ndege wa kwanza. Siku hiyo nilianza na wa mwisho.

Nikachovya sponji kwenye kopo, nikaanza kumgusagusa. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika, akadhani nafuta. Sikumdanganya. Hakuniuliza.

"Mbona polepole hivyo?"

"Kumfuta mtu si mchezo, Kaka. Ana mizizi huyu."

Nikampepea ndege kwa kipande cha boksi mpaka akakauka, nikampaka tena, nikampepea tena. Mwenyekiti alipomaliza chai nikasogea pembeni aone.

Akainama. Ndege wa tano alikuwa anang'aa kuliko wenzake wote.

"Si yuko pale pale!"

"Yuko. Nimempaka dawa. Sasa hafutiki, hata uje na jeshi."

Mori ukampanda. Akanyakua kitambaa, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji ninalooshea sponji, akalala juu ya meza anamsugua ndege wa watu. Anasugua, anahema, jasho linamtoka. Ndege anamtazama tu, mkia juu.

"Ongeza nguvu, Kaka! Mbona uzee umekuwahi?"

Akaongeza. Kiwiko kikagonga bakuli, maji yote yakamwagikia ndege wa kwanza, ambaye hakuwa amepata hata tone la dawa. Kwa kiherehere akayafuta haraka haraka kwa kile kitambaa. Kichwa kikaondoka. Kifua kikaondoka. Ikabaki miguu miwili imeshika tawi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Wakwe watauliza miguu hii ya nani."

Akakaa kwenye kigoda, kitambaa kinamdondokea viatuni. "Nichore tena," akasema, sauti imeshuka.

"Nitakuchora. Na wa tano?"

Akakamua kitambaa.

"Kaka, na wa tano?"

"Akae."

"Sema vizuri, masikio yangu ya zamani."

"Akae! Mdogo wetu akae!"

Ngozi ilipokauka nikashika kalamu. Nikamrudishia kichwa, nikamrudishia kifua chake chote, sikumpunja. Mwanzoni nilikuwa nimemchora mdomo wazi, anaimba. Safari hii nikaufunga. Kaka alipofungua wake alalamike, sponji yangu ya dawa ilikuwa imeshampitia ndege.