Moshi wa Kibuyu

Kwa usafi, Angelina wa kijiji cha Buger hana mpinzani, na ukitaka ugomvi naye, sema maziwa yake yananuka. Vibuyu vyake huvisugua kwa kaa la mzeituni wa porini mpaka moshi uenee ndani, na maziwa hukaa humo bila kuharibika. Kwa hiyo mafua makali yalipoingia kijijini msimu wa baridi, yakamwangusha bintiye mdogo, Lusia, hakuona la kumhangaisha. Kifua ni chombo, alisema, na chombo kikichafuka kinafukizwa.

Mama mkwe wake, Germana, alimuunga mkono kwa kuleta kuni. Wakafunga madirisha, wakamlaza mtoto karibu na moto, wakafukiza mpaka hata kuku wakatoka wenyewe. Lusia alikohoa sana, kisha kikohozi kikapungua, kikanyamaza. Angelina akashusha pumzi. "Umeona, mama? Kimekata." Masikini, hakujua anashangilia nini. Asubuhi mbavu za mtoto zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi, na midomo imegeuka rangi ya majivu.

Bodaboda iliwashusha hospitalini, mjini Karatu. Daktari Nasrin, binti wa mwenye duka la vitenge pale sokoni, alimwekea Lusia oksijeni, akamsikiliza kifua, halafu akauliza, "Ameacha kukohoa lini?"

"Jana, nilipomfukiza kama kibuyu," Angelina alijibu, bado na fahari kidogo.

Daktari hakumgombeza. Mtoto alipotulia kidogo, alimwacha na bibi yake na muuguzi, akamwita Angelina chumba cha pili, kwenye maabara. Alijisugua ndani ya pua kwa brashi laini, akaipangusa kwenye tone la maji ya chumvi, akaweka chini ya hadubini. "Tazama, mama Lusia."

Angelina aliinama akitegemea kuona uchafu. Akaona shamba la ngano, kama yale ya huko juu yanapoinama kwa upepo, ila hapa upepo haukuwepo. Vinyweleo vidogo mno vilikuwa vinajipepea vyenyewe, vyote kwa pamoja, vikisukuma chembe za vumbi kuelekea upande mmoja. Mwili ulimsisimka mpaka kisogoni.

"Vimo puani na kifuani kote," Nasrin alisema. "Kamasi hunasa virusi, navyo vinyweleo huisukuma mpaka kooni, ukameza au ukatema. Hata ukiwa umelala."

"Nani anaviamuru?"

"Hakuna. Nimesoma miaka yote hii na bado nashangaa."

Kisha akachukua brashi nyingine, akamsugua Angelina puani. Safari hii shamba lilikuwa na vipara, na vinyweleo vilivyobaki vilijikongoja. Angelina alielewa kabla hajaambiwa.

"Moshi," alisema.

"Moshi huvilegeza. Mafua nayo huua seli zinazovibeba. Hapo kikohozi ndicho kinabaki kusukuma. Lusia hakunyamaza kwa kupona, alinyamaza kwa kuchoka."

Angelina aliinamia tena hadubini. Miaka yote hii amefuta kamasi za watoto kwa kinyaa, akiita uchafu, kumbe ndani mwao kulikuwa na kazi isiyolala, na yeye ndiye aliyeifungia dirisha. "Atapona?"

"Vinaota tena vikipata hewa safi na muda. Mimi namsaidia kupumua, mama. Kupigana anapigana mwenyewe. Tusubiri tusikie akikohoa."

Wakasubiri. Angelina alikaa kando ya kitanda akitazama pua ile ndogo, akijaribu kuwaza shamba lile lililomo ndani, limechomwa lakini halijakufa. Aliogopa, na ndani ya hofu hiyo alistaajabu. Germana alisali rozari.

Kulipokucha, mtoto alijikunja, akakohoa. Kikohozi kizito, chenye maji. Germana akaruka kumpapasa mgongo. "Nyamaza, mjukuu wangu, nyamaza."

"Mwache, mama," Angelina alisema.

Akamwinua mtoto, akakinga kiganja chini ya kidevu chake. Kohozi zito likamdondokea mkononi, na mwanamke huyu asiyevumilia harufu kwenye kibuyu hakutafuta kitambaa. Machozi yalimtiririka.

"Kohoa, mwanangu," alinong'ona. "Kohoa tena."