Kifusi cha Kibarazani

Siku thelathini na mbili baada ya kumzika mume wangu, fundi Faraji alikuja kutoka Malindi ya huku milimani na mtaimbo, sururu na nyundo kubwa, akasimama njiani bila kuingia uani.

"Shikamoo, Mama Loveness."

"Marahaba. Pita."

Hakupita. "Sijaitwa, najua. Nimekuja kukivunja kibaraza. Nitakijenga upya kabla ya arobaini."

Nikamwambia amwage tu zege jipya juu ya lile lililozama, kazi ya siku moja, tuachane.

"Mama, kilichozama hakifunikwi. Kitazama tena pamoja na hilo la juu."

Nilijua. Nilijua pia kilichokuwa chini, na ndiyo maana nilitaka kifunikwe.

Nyumba hii aliijenga baba mkwe kwenye kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Ukitaka kibaraza mbele, lazima kwanza ujaze upande wa bondeni. Miaka tisa iliyopita Faraji alijenga ukuta mfupi wa mawe upande huo, akaniagiza nilete mawe na moramu, ule udongo wa changarawe, tushindilie tabaka kwa tabaka. Kisha akaenda Mnazi kumzika shangazi yake. Siku tatu. Kaka yangu Nikodemo alikuwa na mashine ya kupasua mbao kule Shume, na maranda yalikuwa yamemjaa hadi mlangoni. Ya bure. Na mimi, tuseme ukweli, nikisikia neno bure akili inaniruka. Nikaleta lori mbili za maranda, nikajaza shimo lote, juu nikatandaza udongo mwekundu, nikaumwagia maji, nikaukanyaga. Mume wangu alikuwa shuleni siku zote hizo.

Faraji aliporudi, alikanyaga hapa na pale. "Mmeshindilia vizuri?"

"Tabaka kwa tabaka," nikamjibu.

Akaniamini, akamwaga zege.

Maranda huoza. Mwaka wa nne ulitokea ufa, kisha upande wa bondeni ukaanza kushuka kidogo kidogo, maji yakatuama, ukaota ukungu wa kijani. Mume wangu, Mwalimu Kristian, alikuwa amestaafu. Akasema ni mafuko wanachimba chini. Basi kila jioni akawa anashuka kule chini ya ukuta na panga lake, eti anawinda fuko. Nilimtania mpaka nikachoka: "Mwalimu, miaka mitano hujaleta hata mkia!" Yeye hucheka tu, ananawa mikono, anaomba chai.

Mwezi wa nne mwaka huu, mvua ikinyesha, aliteleza kwenye ule mteremko wa kibaraza akaanguka chini ya ukuta, akaangukia kichwa. Tulipomkuta, pembeni ya mkono wake palikuwa na jiwe bapa. Watu waliulizana la nini. Hakuna aliyejua, na mimi nililichukua nikaegemeza nalo mlango wa banda la kuku.

Msibani shemeji yangu Emanueli alisimama mbele ya watu wote akasema: "Kaka yangu ameuawa na fundi anayelipua kazi." Nilikuwa nimekaa mkekani. Nilisikia kila neno, na mdomo wangu haukufunguka. Ningependa kusema ni uchungu ulioniziba. Woga ulikuwepo, ndiyo. Lakini zaidi, ndani yangu hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikuwa sijalia hospitalini, sikulia kaburini, na wanawake walionishika mabega walikuwa wananishika bure. Baadaye nikasikia watu wawili waliokuwa wamempa Faraji kazi wamemwambia asije tena. Hilo nalo nililisikia, nikaenda kupalilia karoti.

Basi Faraji akavunja. Mimi nilikaa kwenye kigoda namenya viazi, nikimtazama. Kipande cha kwanza kilipoinuka ilipanda harufu ya kuoza. Akachota kiganja cha uchafu mweusi, akaunusa, akanigeukia.

"Haya ni maranda."

"Ndiyo."

"Nani aliyaweka?"

"Mimi. Ulipokuwa Mnazi." Nilisema kama ninayetaja bei ya kabichi.

Alikaa juu ya kipande cha zege, akajifunika uso kwa mikono yenye vumbi, akalia. Mtu mzima mwenye wajukuu, akalia kwa sauti. "Kila usiku najiuliza nilikosea wapi," alisema. "Alinifundisha kusoma yule, Mama. Nilijua nimemuua mwalimu wangu."

Nilimwonea wivu kwa machozi yale. Nikamwambia pole, nikachukua kiazi kingine.

Alipotulia aliendelea na kazi bila kunilaumu kwa neno lolote. Saa nane alikuwa amefika upande wa bondeni. Akaniita.

"Mama, hebu njoo uone hapa."

Ndani ya maranda, kuanzia ukutani, palikuwa na mawe. Mabapa, yamepangwa vizuri, moja juu ya jingine, yameshikana. Yaliishia umbali ambao mkono wa mtu unaweza kufika.

"Haya siyo yangu," alisema Faraji. Akainama, akagusa jiwe moja la ukuta. Lilitoka lenyewe, halikuwa na saruji, likaacha tundu. "Mtu alikuwa anaingiza mawe kupitia hapa. Moja moja. Kazi ya miaka. Bila haya, upande huu wote ungekuwa umeshaporomoka."

Nilishuka chini ya ukuta, nikapiga magoti, nikaingiza mkono tunduni hadi begani. Sikuyafikia ya mwisho. Mkono wa Kristian ulikuwa mrefu kuliko wangu.

Alikuwa amefungua tundu lile, akaona maranda. Na nani mwingine kwenye nyumba ile alikuwa na kaka Shume? Alijua tangu jioni ya kwanza. Hakunisema. Hata nilipomcheka kuhusu mkia wa fuko, hakunisema.

Nikaenda kwenye banda la kuku, nikarudi na lile jiwe bapa.

"Na hili," nikamwambia Faraji.

Alilipokea kwa mikono miwili. Akalitazama, akanitazama, akaelewa ni nani aliyekuwa amelibeba kwenye mvua.

Alimaliza siku moja kabla ya arobaini. Aliondoa maranda yote, akajaza mawe, akashindilia tabaka kwa tabaka, akamwaga zege, akaliacha likauke. Lile jiwe aliliweka chini kabisa. Wakati wa kufungasha vifaa vyake akasema kwa upole, "Wewe ni mfiwa, Mama. Mimi nitanyamaza."

"Nani kakuomba unyamaze? Kesho uje."

Akaja. Watu walijaa kibarazani, binti yangu Loveness akiwa amekaa karibu na mlango. Baada ya sala Emanueli alisimama, akashukuru, akaongeza kwamba hata fundi ameona dhambi yake akaja kutubu. Faraji alikuwa kule mwisho, kofia mkononi, ameinamisha kichwa.

Nikainuka. "Shemeji, kaa."

Alikaa. Nikasema yote. Maranda, lori mbili, tabaka kwa tabaka. Nikasema Faraji hana kosa hata chembe, nami nimemwacha abebe jina baya siku arobaini. Nikasema Kristian alijua, alikuwa ananizibia kosa langu kimyakimya kwa mawe, na siku ile alikuwa amebeba jingine.

Niliwatazama nikiwa bado nimekufa ganzi, nikaona nimemaliza, nikataka kukaa.

"Mama," Loveness akauliza, sauti yake ndogo. "Kwa hiyo baba hakuwa anawinda fuko?"

"Hapakuwa na fuko, mwanangu," nikamwambia. "Hata mmoja."

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye zege lile jipya, nikamlilia mume wangu.