Kwapa la Sweta

Mimi ni fundi wa mablanketi ya viraka, na kanuni yangu haina mjadala: kitambaa hufuliwa kwanza, ndipo kikatwe. Kisipofuliwa, kitarudi na kupungua kitakapofuliwa baadaye, na blanketi zima litajikunja. Kwa hiyo mkwe wangu aliponiletea mashati ya marehemu mwanangu, nimshonee blanketi mtoto aliye tumboni mwake, niliyatia kwenye beseni bila kuwaza. Mikono ilijua kazi yake. Akili ilikuwa bado makaburini.

Alirudi mchana, akayakuta kwenye kamba yakidondosha maji.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefua. Kwani hujui kazi yangu?"

Akalivuta lile la samawati, akalinusa. Sabuni tupu. "Hili nilikuwa nalala nalo," akasema. "Ndiyo harufu yake niliyobaki nayo."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliingia chumbani, akaanza kupanga nguo zake kwenye begi. "Naenda kwetu. Mtoto atazaliwa huko, na atalelewa huko huko."

Maji yalinifika shingoni. Nimemzika mwana, mjukuu naye aondoke hata sijamwona? Mdomo wangu, ambao haujui kupoa, ulitaka kumwambia si yeye wa kwanza kufiwa. Nikauma ulimi.

Chini ya godoro langu kulikuwa na sweta la mwanangu la kazini, halijagusa maji tangu alivue. Nilimficha kila mtu habari zake. Nikibaki peke yangu nililinusa, kama mtoto anayeiba sukari. Nilikwenda nikalitoa, nikamwekea juu ya begi.

Akalinusa, macho yakawaka. "Muda wote huu unalo? Na mimi nalia na shati moja!"

"Alikuwa mume wako, lakini nilimzaa mimi!"

Akavuta, nikavuta. Mshono wa begani ukaachia. Nikachukua mkasi.

"Usithubutu, mama!"

"Chagua upande wako."

Akalinusa pande zote mbili. "Wenye kwapa la kulia."

"Mjanja wewe! Ndilo lenye jasho zaidi. Haya, la kushoto langu."

Nililikata katikati, nikapiga uzi kingoni haraka lisifumuke. Akaikumbatia nusu yake, akalia, kisha akanirudishia.

"Iweke katikati ya blanketi la mtoto. Ila usiifue."

"Blanketi litajikunja lote."

"Lijikunje."

Niliitazama nusu yangu. Roho iliniuma, lakini nikaiweka kando ya yake. Nikakaa mashineni, nikashona kitambaa kichafu kwa mara ya kwanza maishani, naye akinishikia ncha ya pili.