Springi za Mama Kuwabata

Kampuni pekee iliyokuwa ikinunua springi za Mama Kuwabata ilishasema basi, mwisho wa mwezi huu. Asipopata mteja mwingine kwenye maonyesho haya ya Osaka, mashine alizoachiwa na marehemu mumewe zitauzwa kama vyuma chakavu, na yeye na Goro, fundi wake wa miaka yote, watabaki kutazamana.

Mwalimu Nishigaki, aliyetumwa na manispaa kuwafunza wenye karakana ndogo kujitafutia soko, alikuwa amemkaririsha wiki nzima kama mtoto wa chekechea.

"Wakikuuliza springi zako zikoje, unasemaje?"

"Nzuri," alijibu kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Nzuri tu?"

"Mwalimu, nijisifu mwenyewe? Kwani mimi mgombea ubunge?"

"Mgombea angeshapata hata kura moja," Goro akaguna.

Asubuhi ya maonyesho watu walichukua peremende za mezani kwake wakaenda zao. Alasiri ndipo aliposimama mwanamke kijana, mnunuzi wa kiwanda cha pampu cha Thailand, Kijapani chake cha darasani, kimenyooka kama rula. Akaibonyeza springi, akaibonyeza tena.

"Hizi ni nzuri?"

Adabu ya miaka sitini ikamtangulia Mama Kuwabata mdomoni. "Aa, wapi. Vitu vya hovyo tu, hata kuvionyesha naona aibu." Akainama.

Mtu wa Osaka angecheka na kuuliza bei. Mgeni yule aliirudisha springi mezani, akainama naye, akashukuru kwa kuambiwa ukweli, akaondoka.

Nishigaki alijishika kichwa.

"Mama," Goro alisema, "umetuzika, na maua umeweka mwenyewe."

Mama Kuwabata akaikwapua springi, akakimbia katikati ya vibanda, akamkuta mgeni mlangoni.

"Nimekudanganya," alisema akihema, uso unamuwaka. "Ni nzuri. Nzuri kuliko zote humu."

"Sasa nikuamini lini, bibi? Mwanzo au sasa?"

Mama Kuwabata akamshindilia springi mkononi. "Usiniamini mimi. Ifanyishe kazi mpaka ikatike."

Mgeni aliitazama, akaitia mkobani. "Kwetu jaribio hilo ni miezi mitatu. Ikidumu, nitakupigia."

Mama Kuwabata alirudi kibandani akiburuta miguu.

"Kasemaje?" Goro aliuliza.

"Miezi mitatu. Kama haitakatika."

Goro akaangalia springi zilizobaki mezani, kazi ya mikono yake. "Haitakatika," alisema. "Sisi tutakatika kwanza."

Mama Kuwabata akacheka, akacheka, hadi Nishigaki akamsogezea kiti.