Mkono wa Ketki

Tangu lini Bipin akawa Mmarekani? Shemeji yangu huyo ana miaka thelathini hapa Edison, Marekani, na hadi leo akipita penye harufu ya nyama ya kuchoma hufunga vioo vya gari. Mwaka mzima wa kupanga harusi ya binti yake Ketki alikuwa akibeza tu. Keki ya ghorofa, upuuzi. Wasichana wa sare nyuma ya bibi harusi, eti hao ni wahudumu wa ndege? Halafu, wiki ya harusi yenyewe, anasimama jikoni kwake anatangaza kwamba yeye ndiye atakayemshika Ketki mkono na kumpeleka mbele ya watu hadi kwa bwana harusi, kama wanavyofanya akina baba wa Kimarekani.

Mume wangu Dinkar akapaliwa na chai. Sisi Wagujarati kazi hiyo ni ya mjomba, na mjomba ni yeye. Dada yake Nirupama, mama yake Ketki, alifariki kwa saratani. Dinkar alikuwa ameshanunua kilemba chekundu, na kila asubuhi alinitembeza sebuleni akinifanya mimi bibi harusi, na goti langu hili bovu.

"Upande wa dada yangu utasimamiwa na nani?" akauliza.

"Dada yako alinizalia mimi, hakukuzalia wewe!" Bipin akamjibu.

Basi, hapo wakanuniana. Kuanzia siku hiyo mjumbe ni mimi, hata wakiwa meza moja. "Shemeji, mwambie huyo mumeo asogeze chumvi." Jamani! Wazee wazima, mvi hadi masikioni.

Siku ya siku ikafika. Hoteli ilikataa farasi wa kumleta bwana harusi kwa sababu ya zulia, kwa hiyo Wade, kijana mpole wa Ohio, aliletwa kwa kigari cha gofu huku ngoma zikilia na mama yake, Marlene, akicheza nyuma na sari iliyofungwa kinyume. Kila mtu akakaa, na Maharaj, kuhani wetu, tayari yuko kwenye banda la maua. Ketki yuko mlangoni, Dinkar na kilemba chake yuko mlangoni. Bipin hayupo.

Nilimkuta kwenye korido, ameketi sakafuni kando ya mashine ya barafu, suti yote imekunjamana.

"Bipin, una wazimu? Watu wanasubiri."

"Wasubiri nini? Maharaj kanikataza kumtoa mwanangu. Anasema mgane haketi mbele ya moto wa ndoa, lazima wakae mume na mke. Dinkar atamleta, kisha wewe na Dinkar mtauweka mkono wake kwenye mkono wa yule kijana. Na mimi, shemeji? Nigawe juisi?"

Maharaj alituambia Bipin mwenyewe ndiye aliyeomba tumkalie nafasi yake. Kumbe maskini aliutafuta Umarekani kwa sababu ndiko kulikobaki na kamlango ka kumwingiza. Nikamwinua kwa mkono, nikamkokota hadi kwenye banda la maua alikokuwa Maharaj.

"Maharaj, hivi wewe unamwogopa Mungu?"

"Mama, taratibu, nimevaa kipaza sauti."

"Ndiyo vizuri! Ulisema Jumamosi mchana ni nuksi. Ukumbi ulipopatikana Jumamosi tu, ukapiga falaki upya, nyota zikahama. Hoteli ilikataa moto, moto ukawa mishumaa kwenye bati la keki. Ibada umeikata nusu kwa sababu wageni wa Ohio wana njaa. Mila zote hizo zimepinda na hakuna aliyekufa. Ila ya Bipin ndiyo chuma, siyo?"

Marlene, aliyedhani hiyo ni sehemu ya ibada, akaanza kupiga makofi, na Ohio yote ikamfuata.

Maharaj akatoa simu, akapekuapekua, jasho linamtoka. "Kuna rai nyingine," akasema. "Baba anaweza kukaa peke yake."

"Unaona? Na kutembea je?" nikamgeukia Bipin. "Bado unataka?"

"Kutembea kwa madaha kama bata? Aku! Mwambie Dinkar amlete."

Dinkar akamleta. Alitembea vizuri, siwezi kumnyima haki yake, ingawa alilia njia nzima na kwa jasho rangi ya kilemba ikamchuruzika usoni. Ketki akaketi mbele ya baba yake. Bipin akaushika mkono wa binti yake, akauweka juu ya kiganja cha Wade, na Maharaj akasoma aliyoyasoma.

"Sasa achia," Maharaj akasema.

Bipin hakuachia.

Maharaj akakohoa, akarudia. Wade akatazama huku na huku, hajui kama naye anatakiwa kufanya kitu. Bipin alikuwa ameukazia macho ule mkono wenye hina, nao ukiwa umemng'ang'ania yeye vilevile.

"Baba," Ketki akanong'ona, "achia."

"Anza wewe," akasema Bipin.

Ketki akajaribu. Akashindwa.