Mshale wa Mama na Mtoto

...masanduku na mishale, mchoro wa mfumo wao wa kompyuta, ukuta mzima, na huyu binti mchoraji anatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi, ananiambia, tazama, Mama Mkunga, hapa ni Mama, hapa ni Mtoto, mshale unatoka huku unakwenda kule, mama akishajifungua mfumo unamtumia ujumbe kwenye simu kila wiki, hongera, mtoto wako ana wiki moja, hongera, wiki mbili, ukiukubali mchoro waandishi wa programu wanaanza kesho, na meneja anaitazama saa yake, anataka niseme ndiyo, mimi niliyezalisha miaka ishirini na sita... kila Mama ana Mtoto? nani kawadanganya? mdogo wangu alirudi nyumbani kutoka kujifungua, na shali mpya ya mtoto ikiwa imekunjwa vilevile, siku ya tatu maziwa yakamjia, maziwa hayana habari, akajifunga kitambaa kifuani, na simu yake ikalia, maana kulikuwa na mfumo mwingine kabla ya huu, hongera, mtoto wako sasa anaanza kutabasamu, akanipa nisome, dada, hawa wanaongea na nani? nikaufuta ujumbe, wiki iliyofuata nikafuta mwingine, nikawapigia wenye mfumo, nikawaambia mtoto hakuishi, wakasema hakuna pa kuandika hilo, labda tumwondoe mama, wamwondoe! kwani yeye ndiye aliyekufa? "Kuna kinachokosekana, Mama Mkunga?" anauliza mchoraji, kalamu mkononi, meneja anadakia, "Mengine tutaongeza baadaye," baadaye! nyumba ikishapauliwa ndipo mkumbuke mlango, watu wazima na akili zao, wanachora maisha ya wenzao bila hata kuuliza... lakini huyu binti aliuliza. Siku tatu alikaa wodini na daftari lake, baada ya kujifungua nini kinafuata, mama, nami nikamtajia chanjo, uzito, kitovu, na mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi nyuma yangu, mama aliyefiwa na mtoto analia humo, nikausukuma kwa kisigino ukafungwa, nikaendelea na chanjo, ndivyo tulivyo wakunga, faili linafungwa, shuka linabadilishwa, basi, hata mdogo wangu sijamuuliza alitaka kumpa jina gani... mchoraji bado ananitazama, hajakaa, meneja bado na saa yake, na hasira yote niliyokuwa nawatupia imenigeukia mwenyewe, amechora nilichomwambia, hakupunguza hata mstari, nitamuuliza mdogo wangu, leo hii nitamuuliza, ila kwanza huyu, nimwambie, mwanangu, kuna kitu nilikuficha.